Lami Haiponyi Kutu, Sheikh Wangu

Nimeulizwa tena: "Fundi, sakafu ya gari imeanza kutoboka, si nipake lami tu kwa chini?" Na anayeuliza huwa ameshaipaka. Amekuja nimsifu.

Lami ile, ya kopo au ya kupuliza, inafaa juu ya bati safi lenye praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Juu ya kutu ni pazia tu. Bati lililoliwa lina vishimo vilivyoshika chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa hata mvua isiponyesha. Hewa ya Mombasa mnaijua. Ukifunika, hujakausha kitu. Halafu lami hukakamaa, ikapasuka, maji yakaingia nyuma yake na yasitoke.

Lakini linalonikera hasa ni hili: kila mtu analala chini ya gari kutafuta kutu, na maji yako juu, ndani, chini ya kapeti. Sakafu nyingi ninazokata zimeoza kuanzia upande wa miguu kwenda barabarani. AC katika joto letu hukamua maji mengi hewani, na yote hutoka kwa kipaipu kimoja chembamba cha mpira. Kikiziba kwa vumbi, maji humwagika upande wa abiria wa mbele, sponji iliyo chini ya kapeti ikayanywa, kapeti yenyewe ukiigusa juu ni kavu. Washa AC, acha gari likinguruma dakika kumi. Usipoona matone chini ya gari, na hapa ni Mombasa, jiulize yanakwenda wapi.

AC ikiwa haina kosa, fungua pale chini ya waipa uone majani ya mwarobaini yalivyoziba njia ya maji. Kagua gundi ya kioo cha mbele, hasa kama kiliwahi kubadilishwa. Kisha milango: ndani yake mna nailoni inayorudisha maji ya mvua nje, na wafunga spika huichana wakaitupa. Mtu akae ndani na tochi, wewe mwaga maji polepole, sehemu moja moja. Ukichomelea bati jipya kabla ya kumpata mchawi huyu, utalichomelea tena.

Kukata hakuna siri. Gonga kwa bisibisi, kata mpaka ufike chuma kinacholia. Watu hukata tundu dogo kwa huruma, kisha wanashangaa ukingo unayeyuka. Ukingo ule ni kutu, utashika nini? Tumia shiti nyeusi, yaani bati lisilopakwa zinki, unene wa geji 18 au 20. Mabaki ya mabati ya paa acha: moshi wa zinki hukupa homa na kutetemeka usiku. Mashine ya stiki, ya kuchomelea kwa vijiti, hutoboa bati jembamba, kwa hiyo tafuta MIG, ile ya kuchomelea kwa waya, waya wa milimita 0.8 au 0.6. Choma nukta hapa, nukta kule, subiri ipoe, la sivyo sakafu itajikunja kama chapati. Kabla ya hayo yote toa viti, kapeti na waya ya betri, angalia paipu za mafuta na breki zinapita wapi, na mtungi wa kuzima moto uwe karibu.

Ribiti na faiba badala ya kuchomelea? Hapana. Mkanda na kiti vimefungwa kwenye sakafu hiyo. Na kama lile boksi la chuma linalopita chini ya milango limeoza pia, usilikate nyumbani. Gari litalegea katikati na milango haitafunga tena.

Kwenye kiungo sina msimamo. Kulaza bati juu ya jingine ni rahisi, lakini katikati hubaki mwanya wa kulea kutu. Kukutanisha kingo ni safi, ila kunataka mkono. Mimi hulaza, nikapiga praima ya zinki katikati, nikijua mahali pa moto itaungua. Je, inasaidia? Nadhani. Siwezi kukuapia.

Ukimaliza, saga, praima, kisha sila, ile gundi ya kuziba maji, kwenye viungo vyote, juu na chini. Sasa ndipo paka lami yako. Kapeti isirudi mpaka mvua kubwa moja ipite na sakafu ibaki kavu. Sponji ya zamani itupe, hata ukiianika juani ikakauka kabisa, chumvi bado imo.