Piko, supa gluu na ndimu usoni: maswali ya urembo wa kujitengenezea

Msimu wa mahafali na harusi ukifika, vyumba vya kupanga na mabweni ya Dodoma hugeuka saluni. Huyu anachora mikono, yule anabandika kope, mwingine yuko uani anaipausha jinzi ya mtumba. Mimi ni muuguzi, na urembo naupenda. Ninachokiona kazini ni kwamba wengi hawaumizwi na kujiremba. Wanaumizwa na kitu kilichotengenezwa kwa kazi moja kikapelekwa kwenye nyingine: rangi ya nywele kwenye ngozi, gundi ya viatu kwenye kucha, ndimu ya mchuzi usoni. Haya ni maswali ninayoulizwa mara nyingi na wadogo zangu wa mtaani.

Shikamoo dada. Nilichorwa piko kwa ajili ya kicheni pati, siku ya nne mkono ukaanza kuwasha, sasa una malengelenge. Hina yake ilikuwa mbovu?

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo haikuwa hina hata kidogo. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa yakasagwa. Inakaa mkononi saa kadhaa, ikibanduliwa inaacha rangi ya chungwa, na siku ya pili inakolea kuwa hudhurungi. Haiwi nyeusi tii ndani ya nusu saa. Weusi ule wa haraka ni wa rangi ya nywele, ile ya unga, iliyokorogwa kwenye kibakuli na kupakwa kwa kijiti. Ndani yake mara nyingi mna kemikali inayoitwa parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Unywele uliokwishaota hauna uhai, ngozi inao, nayo ina askari wake. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu PPD isizidi asilimia 2 katika rangi inapopakwa kichwani, na kwenye michoro ya ngozi hawairuhusu kabisa.

Niliwahi kumpokea binti aliyekuja amejifunga khanga mkononi kuficha. Alipoifungua, rangi ilikuwa imeshafifia, lakini ua lilikuwepo bado, jani kwa jani na kikonyo chake, limetuna kwa malengelenge kama limefumwa juu ya ngozi. Mchoraji hakukosea mstari hata mmoja. Kilichomuumiza zaidi ni kusikia kwamba mwili wake umeshaikariri ile kemikali, na kwa kawaida mwili hausahau. Siku akipaka rangi nyeusi ya nywele, hata baada ya miaka, uso na macho vinaweza kuvimba vibaya kuliko mkono ulivyovimba.

Kwa hiyo osha mkono kwa maji na sabuni isiyo kali, usipasue malengelenge, usipake dawa ya meno wala majivu. Nenda kituo cha afya upewe krimu ya kutuliza mzio. Ukiona uso unavimba au pumzi inabana, usisubiri kesho, wakupeleke hospitali saa hiyohiyo. Na kuanzia leo kila msusi wako ajue kwamba rangi nyeusi ya nywele ni mwiko kwako.

Nikijaribu kidogo kwanza nyuma ya sikio, si nitajua kama inanidhuru?

Kwa rangi ya nywele na gundi ya kope, ndiyo, fanya hivyo. Paka tone, subiri saa 48, si dakika kumi kama wengi wanavyofanya. Ila jaribio hilo halifanyi piko iwe salama, maana mwili unaweza kuivumilia mara mbili tatu, ukaikataa ya nne.

Gundi ya kucha imeisha, tukatumia supa gluu ya fundi viatu. Mbona imeshika vizuri tu?

Imeshika, ndiyo, shida ni siku ya kuibandua. Inaondoka na tabaka za juu za kucha yako, na pale kucha bandia ilipoachia kidogo maji ya kufulia yanaingia na kukaa, bakteria na fangasi wanapata makazi. Kucha ikigeuka kijani au njano, toa ile bandia, acha kucha ipumue, mwone mtaalamu. Usiifunike kwa rangi nyingine.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Supa gluu ikimwagikia pamba au nguo ya pamba inapata moto ghafla, inaweza kuunguza ngozi iliyo chini yake. Usiipanguse kwa pamba, na usiishike umevaa soksi za mikononi za pamba.

Kwenye kope usiisogeze kabisa. Ikitokea jicho limegandana, usilivute na usikate kwa mkasi. Mwagia maji ya uvuguvugu, weka kitambaa safi kilicholowana, nenda hospitali. Gundi hulegea yenyewe kwa siku chache, lakini mboni lazima iangaliwe.

Mnakumbuka Septemba 2018, hapahapa Dodoma, Spika wa wakati huo Job Ndugai alipozuia wabunge wanawake kuingia bungeni na kucha na kope bandia, akitaja sababu za kiafya? Watu walibishana sana. Mimi naona mtu mzima aachiwe kope zake, ila ajue kuzitoa kabla ya kulala, anawe mikono kabla ya kuzigusa, na asiziazime kwa rafiki. Wanja na maskara vilevile. Ugonjwa wa macho mekundu huzunguka bweni zima kwa kijiti kimoja.

Ndimu inang'arisha uso? Rafiki yangu anapaka asubuhi kabla ya kwenda chuo.

Mwambie aache leo. Ndimu ina kemikali zinazoitwa furokumarini, ambazo zikikutana na jua kwenye ngozi zinaichoma. Na jua letu mnalijua: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi miezi inapita bila wingu la maana. Haiumi papo hapo. Siku moja au mbili baadaye ngozi inakuwa nyekundu, pengine inatoa malengelenge, kisha inabaki na madoa meusi kwa wiki au miezi. Yaani aliyetaka weupe anapata weusi wenye michirizi, mahali juisi ilipotiririka. Hata anayekamua ndimu za juisi juani anaweza kupata mikononi, anawe kwanza ndipo atoke.

Upepo mkavu wa kiangazi unaifanya ngozi ionekane imepauka. Hiyo dawa yake ni mafuta. Paka ngozi ikiwa bado na unyevu, mara tu ukitoka kuoga. Ukipata mafuta safi ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma tunayo tele, yanafaa mwilini vizuri.

Na mkorogo wa kuchanganyiwa dukani?

Hapana. Humo mnaweza kuwa na haidrokwinoni inayofifisha rangi ya ngozi, zebaki, au steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe, na wewe unayepaka huna njia ya kujua kiasi. Zebaki huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Kama umeshatumia muda mrefu usione haya, nenda kwa daktari na kopo lako mkononi, kwa sababu steroidi ikikatishwa ghafla ngozi huwaka na kuchubuka, ndipo watu wanarudi kuipaka.

Nataka jinzi yangu iwe na mabaka meupe. Naweza kuchanganya jiki na limau ifanye kazi haraka?

Usichanganye! Jiki ikikutana na kitu kichachu, iwe limau, siki au dawa ya choo, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Tumia jiki na maji tu, uani penye hewa, na glavu za mpira mikononi. Suuza mara kadhaa mpaka harufu iishe ndipo uvae. Jinzi ikitoka vibaya, kitambaa cha kitenge cha kubandika kinaficha mengi.

Tunatoboana masikio kwa sindano ya kushonea, tunaipitisha kwenye moto wa kiberiti. Inatosha?

Haitoshi. Masizi ya kiberiti si usafi, na sindano moja kwa masikio ya watu wawili inaweza kupitisha homa ya ini B na virusi vya UKIMWI. Tobolewa na mtu mwenye vifaa vipya vilivyofungwa. Mabibi wa Kigogo walitoboa ndewe, pale panapolegea, na ndipo panapopona haraka, wiki sita hadi nane. Gegedu la juu lina damu kidogo. Likipata usaha linaweza kupinda sikio moja kwa moja. Safisha kwa robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Kama kwenu kuna mtu ambaye makovu yake hukua yakatuna, acha kutoboa, vaa hereni za kubana.

Dada, binti yangu wa miaka saba analilia piko ya Idi kama dada zake. Nimkatalie?

Piko mkatalie, hina mpe. Nunua unga wa majani usioongezwa kitu, uwe na rangi ya kijani kibichi na harufu ya majani makavu. Ukinuka mafuta ya taa au ukiambiwa unatoa weusi, rudisha. Ukoroge na maji ya uvuguvugu, uache mpaka uanze kutoa rangi, umchore usiku wa kuamkia sikukuu. Mdogo wake mchanga asipakwe hata hina: wapo watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hasa katika nchi zenye malaria kama yetu, na hina inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Huyo mkubwa mfunge mikono kwa kitambaa laini alale. Alfajiri mbandulie bila maji, na mwambie mapema kwamba ataona rangi ya chungwa, asilie, jioni itakuwa imekolea.