Ukali wa taa hautoshi: mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali

Ukiwauliza wanafunzi wa form six wanaokuja idarani kwetu mwanga unang'oaje elektroni kwenye metali, wengi wanajibu fasta, ongeza ukali wa mwanga zitatoka. Hapana jamani. Hapo ndo mada nzima inapopotea.

Tuanze na jaribio lenyewe maana kila kitu kiko pale. Chukua kipande cha zinki, hii hii wanayopakia mabati, kisugue na msasa mpaka king'ae (kikiwa na utando juu jaribio linagoma), kiweke kwenye elektroskopu (kifaa cha kuonyesha chaji ya umeme) alafu ukichaji chaji hasi. Kale kajani kembamba ka dhahabu ndani kananyanyuka na kubaki hivyo. Mulika na balbu ya kawaida, hata iwe kali kiasi gani, kametulia tu. Sasa washa kataa kadogo ka urujuanimno (UV, mwanga usioonekana kwa macho), kajani kanaanza kushuka hapohapo maana elektroni zinang'oka na chaji hasi inapungua, weka kioo cha dirisha katikati kanasimama, toa kioo kanaendelea kushuka. Kioo kinapitisha mwanga wote tunaouona ila urujuanimno ya mawimbi mafupi kinaizuia, na ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Tafadhali msiitazame hiyo taa kwa macho makavu, inaunguza macho na ngozi pia.

Wilhelm Hallwachs alifanya jaribio la namna hii mwaka 1888, baada ya Heinrich Hertz kuona kule Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1887 kwamba cheche za umeme kwenye mitambo yake zinaruka kirahisi zaidi zikipigwa na urujuanimno. Kilichowachanganya watu ni alichokipata Philipp Lenard 1902: mwanga ukiwa mkali zinatoka elektroni nyingi zaidi, lakini nishati ya juu kabisa ya kila moja haipandi hata kidogo!

Jibu alilitoa Einstein 1905. Mwanga unakuja kwa vifurushi, leo tunaviita fotoni, na elektroni moja inapokea fotoni moja. Ni kama geti la uwanja ambalo kiingilio ni elfu tano na hamna kuchangishana, hata waje watu elfu moja kila mtu na elfu mbili yake mfukoni hawaingii.

Kiingilio hicho ni nishati ya chini inayotakiwa kuitoa elektroni, na kila metali ina yake. Zinki ni kama elektroni-volti 4.3 (kipimo cha nishati ndogondogo kama hizi), sodiamu 2.3, metali ya sizi (caesium) 2.1 hivi. Nishati ya fotoni unaipata kirahisi, gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi kwa nanomita. Nyekundu ya nanomita 700 inakupa 1.8 tu, urujuani ya 400 inakupa 3.1, kwaiyo urujuani inang'oa elektroni za sodiamu na inabaki 0.8 ya kukimbilia ila kwa zinki haigusi kitu, mpaka uje na taa ya nanomita 254 yenye kama 4.9. Ukishavuka kiingilio ndo ukali unakuwa na maana, fotoni nyingi elektroni nyingi.

Robert Millikan wa Marekani hakuikubali kabisa hoja ya fotoni, akapima kwa miaka karibu kumi akitegemea itaanguka, na vipimo vyake vya 1916 vikaikubali hesabu ya Einstein. Nobeli ya Einstein ya 1921 ilitaja kazi hii, siyo nadharia yake maarufu ya rilativiti.

Watu wanauliza sana kuhusu sola. Kwenye paneli ya silikoni elektroni haitoki nje, inanyanyuliwa humohumo ndani na inahitaji kama 1.1 tu, ndo maana hata mwanga mwekundu unazalisha umeme. Fotoni ya urujuani yenye 3.1 nayo kwa kawaida inanyanyua elektroni moja tu, ile nishati ya ziada inaishia kuwa joto kwenye paneli.