"Chuo kidogo kina vifaa vichache": uvumi unaowanyima vijana wetu nafasi

Kazi yangu hapa Kampala ni kuwasaidia vijana wa S6, yaani kidato cha sita, kuomba nafasi katika vyuo vidogo vya Marekani, vile vinavyofundisha shahada ya kwanza ya sanaa na sayansi kwa pamoja, na ambavyo karibu kila mwanafunzi huishi kampasi. Wengi wanaonijia huzungumza Kiswahili nyumbani: familia zilizotoka Arua, Wakongomani wa Nsambya, Wakenya na Watanzania walioletwa huku na biashara. Watoto wao ni hodari. Kinachowaangusha mara nyingi ni maneno ya mjomba au jirani ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha aina hiyo, na msimu huu nimeyasikia kiasi cha kutosha.

Neno linalonichosha kuliko yote ni hili: chuo kidogo hakiwezi kuwa na maabara ya maana, maktaba ya maana wala walimu wa maana. Mzee anaitazama Makerere yenye wanafunzi zaidi ya 30,000, kisha anatazama karatasi za Grinnell College, wanafunzi 1,700 hivi katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, na anaamua kwamba mtoto wake anarudishwa sekondari ya bweni. Nimeona binti mwenye alama za juu za fizikia na kemia akikatazwa kujaza fomu kwa sababu hiyo tu. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa ukweli uko wazi kwa yeyote anayetaka kuutafuta.

Tuishike Grinnell hiyo hiyo. Transista, kile kijidude cha kielektroniki kinachofungua na kufunga umeme, ilipotangazwa mwaka 1948, mwalimu wa fizikia wa pale, Grant Gale, alihangaika mpaka akapata chache katika zile za mwanzo kabisa kutoka maabara za Bell, na akazipeleka darasani. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Robert Noyce, aliyehitimu 1949, akasomea uzamivu MIT, akawa mmoja wa wavumbuzi wa saketi unganishi, yaani chipu iliyomo ndani ya simu unayosomea maneno haya. Mwaka 1968 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel. Chuo hicho hicho kilimtoa Thomas Cech, aliyehitimu 1970 na kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989. Jennifer Doudna, aliyeipata tuzo ya kemia mwaka 2020 kwa kazi ya kuhariri jeni, alisoma shahada ya kwanza Pomona College, chuo kingine kidogo, na baadaye alifanya utafiti katika maabara ya Cech. Howard Temin na David Baltimore, walioshirikiana Nobel ya tiba ya 1975 na mwenzao wa tatu, wote wawili walisoma Swarthmore, chuo kidogo pia.

Anayesema hao ni Wazungu na kwao kila kitu kinawezekana, namkumbusha watu wetu. Wangari Maathai alisomea biolojia Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana cha masista katika mji wa Atchison, Kansas, akahitimu 1964 kabla ya kwenda Pittsburgh kwa shahada ya pili. Eduardo Mondlane wa Msumbiji, aliyekuja kuiongoza FRELIMO, chama cha ukombozi wa nchi hiyo, ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, alipata shahada yake katika chuo kidogo cha Oberlin mwaka 1953. Uhuru Kenyatta alisoma Amherst, chuo kidogo cha Massachusetts.

Sababu yake haina muujiza. Chuo kikuu kikubwa cha utafiti kina watu wa uzamivu, wa uzamili, na watafiti waliokwisha kumaliza uzamivu. Mashine ya gharama ikinunuliwa, hao ndio wanaopanga foleni kwanza, na kijana wa mwaka wa pili huiona akiwa nje ya kioo. Katika chuo kisicho na shahada za juu, mhadhiri anayetaka msaidizi wa utafiti hana pa kumtafuta ila kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Anamfundisha kuiwasha, kuisafisha na kusoma matokeo yake, na likizo ndefu ya kiangazi mara nyingi anambakisha kampasi kwa malipo wafanye kazi pamoja. Sufuria la harusini huwa kubwa kweli, lakini aliyeketi nyuma anaweza kuondoka na njaa.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi kabisa: vyuo vingi vidogo vimeungana na jirani zao. Kule Claremont, California, Pomona na wenzake wanne wako bega kwa bega, wana maktaba moja ya pamoja na kituo kimoja cha afya, na mwanafunzi wa chuo kimoja anaweza kula katika bwalo la kingine. Kule Massachusetts, mwanafunzi wa Amherst, Smith au Mount Holyoke anaweza kuchukua somo katika chuo kikuu cha jimbo, University of Massachusetts Amherst, akasafiri kwa basi bila kulipa nauli na kuazima vitabu huko. Kitabu kisipopatikana kwa jirani, maktaba hukiagiza kutoka chuo kingine. Kwa hiyo ukihesabu rafu za jengo moja, umehesabu sehemu tu ya kile mtoto atakachokuwa nacho.

Mipaka ipo, nami huisema siku ya kwanza. Uhandisi haupatikani katika kila chuo cha aina hii. Swarthmore wanao, Lafayette wanao, na Smith, ambacho ni chuo cha wanawake, waliuanzisha 1999. Vingine vingi havina. Udaktari ndio kabisa: Marekani unasomwa baada ya shahada ya kwanza, na kwa mgeni mlango wake ni mwembamba na ada yake nzito. Kijana aliyekaza moyo kuwa daktari namwambia aombe Makerere au Mbarara na asipoteze miaka.

Ushauri ninaourudia mpaka vijana wanaukariri: acheni kuuliza chuo kina vifaa gani, ulizeni nani anavitumia na saa ngapi. Picha za bwawa la kuogelea na ukumbi wa mazoezi haziwezi kukujibu. Andika barua pepe, uulize kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kugusa vifaa vya maabara nje ya kipindi. Uliza maktaba hufungwa saa sita usiku au saa nane, na wiki za mitihani inakuwaje. Na swali ambalo nisingependa mtoto yeyote wa Uganda apande ndege bila jibu lake: mabweni yanabaki wazi Desemba?

Hapa naomba wazazi wanisikilize. Vyuo vingi hufunga mabweni na bwalo la chakula muhula wa kwanza ukiisha, na hufungua tena Januari. Mwanafunzi wa Marekani anarudi kwao kwa gari. Mtoto wako hawezi kurudi Entebbe kwa wiki tatu au nne kwa tiketi ya bei hiyo, na kule nje kuna theluji. Vipo vyuo vinavyoacha bweni moja wazi kwa ajili ya wageni, vipo vinavyotoza ada ya ziada, vingine huruhusu kulala lakini bwalo limefungwa na jiko ni juu yako. Taarifa hiyo iko kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Iombe kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi, na utenge fedha ya chakula ya kipindi hicho ndani ya bajeti ya mwaka. Nimewahi kumpigia simu kijana usiku wa kuamkia Krismasi, analala sebuleni kwa mtu aliyemjua kwa wiki mbili, kwa sababu nyumbani hakuna aliyefikiri kuuliza.

Uvumi wa pili kwa uzito ni wa kazi: "Akifika atafanya kazi, atajilipia ada na kututumia kidogo." Tufanye hesabu. Viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi ndani ya kampasi tu, na isizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kazi ya nje inahitaji kibali maalumu, na anayeifanya bila kibali anahatarisha viza yenyewe. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009; majimbo mengi hulipa zaidi, lakini tuchukue hicho. Saa 10 kwa wiki ni dola 72.50. Kwa wiki 30 za masomo, inakuwa dola 2,175 kabla ya makato. Gharama ya mwaka mmoja katika vingi vya vyuo hivi binafsi imepita dola 80,000. Mshahara wa kupanga vitabu maktabani utanunua koti, vocha na sabuni. Ada hulipwa na msaada wa chuo chenyewe, unaoombwa pamoja na nafasi, na kabla ya kupewa fomu ya kuombea viza lazima mwonyeshe fedha ya mwaka wa kwanza inatoka wapi. Kipo chuo ambacho kazi ni sehemu ya mpango wenyewe: Berea, Kentucky, ambako hakuna mwanafunzi anayelipa ada ya masomo tangu 1892 na kila mmoja hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Ndiyo maana ushindani wake ni mkali.

Mengine nayajibu kwa ufupi.

Wavulana na wasichana chumba kimoja? Jengo moja, ndiyo, mara nyingi. Chumba, hapana: mwanafunzi mpya hupangiwa mwenzake wa jinsia yake, isipokuwa awe ameomba mwenyewe vingine. Mama anayetaka binti yake akae na wasichana watupu, kama wale wa Mary Stuart pale Makerere, ana Smith, Mount Holyoke, Bryn Mawr na Wellesley za kuchagua, na ni katika vyuo bora vya nchi hiyo.

Atakufa njaa? Kwa kawaida bwalo ni la kujipakulia, unarudia utakavyo. Atakosa matoke na posho, yaani ugali, na atavikumbuka sana. Kwa Waislamu, ulizeni mambo mawili kwa uwazi: nyama ya halali ipo kila siku au siku maalumu, na mwezi wa Ramadhani chakula cha daku kinapatikanaje bwalo likiwa limefungwa. Vyuo vingi huandaa chakula cha kuondoka nacho, ila ni mpaka mwanafunzi aombe.

Kituo cha afya cha kampasi ni hospitali? Siyo. Kinatibu mafua, kinachanja, kinaandika rufaa. Mkono ukivunjika ni hospitali ya mjini, na ndiyo sababu bima ya afya ni lazima. Ada yake isomeni kwenye barua ya msaada, kwa kuwa vyuo vingine huijumlisha na vingine humwachia mwanafunzi.

Kwenda kwa mshauri nasaha ni dalili ya wazimu, na kutaandikwa kwenye cheti? Hakuandikwi popote kwenye matokeo, na mazungumzo ni siri. Februari kule jua linazama mapema, kijana yuko mbali na watu wake, na hata aliyekuwa kiongozi wa shule hapa anaweza kulemewa. Mzazi anayemtisha mtoto kuhusu ofisi hiyo anamfungia mlango atakaouhitaji.

La mwisho huwatia baba wengi hasira. Wanaamini watapiga simu kwa mkuu wa chuo na kusomewa matokeo, kama walivyozoea kwa mwalimu mkuu. Chini ya sheria ya Marekani ya 1974, mtu akishaingia chuo, haki ya rekodi zake za masomo ni yake mwenyewe, hata kama mlipaji ni wewe, na kwa kawaida ofisi haitakutajia alama bila idhini yake ya maandishi. Kupiga kelele kwenye simu hakutabadilisha kitu. Familia ninazozisindikiza hupatana mapema, kijana akiwa bado Uganda, kwamba kila mwisho wa muhula atafungua ukurasa wa matokeo mbele yao kwenye simu ya video, na fomu ya idhini atajaza wiki ya kwanza ya kufika.