Vifaa Janja Viwandani, Mashambani na Hospitalini: Dhana Potofu na Ukweli

Kifaa janja kina sehemu nne: kihisi kinachopima, chipu inayosoma kipimo, redio au waya wa kukisafirisha, na umeme wa kuviendesha vyote. Mradi ukikwama, chipu mara nyingi haina kosa. Tatizo huwa pale kihisi kilipofungwa, kwenye betri, au kwa mtu aliyepaswa kuitikia kengele. Dhana zifuatazo huchangia sana makosa hayo, na afadhali zisahihishwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Dhana: Kiwanda hakiwezi kuunganishwa mpaka mashine za zamani ziondolewe

Mashine nyingi zenye miaka 30 zimekuwa zikitoa taarifa siku zote, ila hakuna anayezisikiliza. Vipimo vya shinikizo, kina na mtiririko hutoa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Vidhibiti vingi navyo huzungumza Modbus, itifaki (lugha ya mawasiliano ya vifaa) iliyoanza mwaka 1979 na inayotumika hadi leo. Ili kuusoma mkondo, resista (kipingamizi cha umeme) ya omu 250 huunganishwa ndani ya mzunguko huo huo, na kifaa kipya husoma volti 1 hadi 5 juu yake. Hakikisha kwanza kwamba umeme uliobaki unatosha: mkondo ukifika miliampea 20, resista hiyo hula volti 5, hivyo kwenye saketi ya volti 24 kipimo cha zamani kitabakiwa na volti 19.

Mkondo huanzia 4 badala ya sifuri kwa sababu maalumu. Waya ukikatika mkondo hushuka hadi sifuri, na fundi akiona hivyo anajua ni hitilafu, si tangi tupu. Kosa la kawaida ni la mwandishi wa programu anayeihesabu sifuri hadi 20. Kwa tangi la mita 10, likiwa tupu kabisa yeye atasoma mita 2, na likiwa nusu atasoma mita 6. Likijaa, kipimo kinakuwa sahihi! Ndiyo maana kosa hili hupita kwenye majaribio yanayofanywa tangi likiwa limejaa. Jaribu katika ncha zote mbili na katikati.

Kama mashine haitoi ishara yoyote, kihisi cha kubana waya wa umeme kitaonyesha inapofanya kazi na inapolemewa. Kibane waya mmoja tu. Kikizungushwa kebo nzima, nguvu za sumaku za nyaya hufutana na kipimo kinabaki karibu na sifuri.

Dhana: Kihisi cha mtetemo hutabiri ubovu wowote wa mota

Hutabiri kile tu ambacho kihisi kinaweza kukisikia. Chukua mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani hezi 25 (mara 25 kwa sekunde). Beringi yake yenye gololi 9 ikianza kuchimbika kwenye pete ya nje, mgongano hutokea karibu mara 90 kwa sekunde (kadirio la mafundi ni 0.4 mara idadi ya gololi mara kasi ya mzunguko). Kihisi kinachochukua sampuli 100 kwa sekunde hakiwezi kuona chochote kilicho juu ya hezi 50. Kisipokuwa na kichujio, kitauonyesha mgongano huo wa hezi 90 kama mtetemo wa hezi 10, na fundi atatafuta tatizo lisilokuwapo. Tena, dalili za mwanzo kabisa za beringi huonekana kwenye masafa ya maelfu ya hezi, hivyo kihisi cha bei nafuu kinachotoa wastani wa mtetemo kila saa kitapiga kengele wakati beringi tayari inanguruma.

Mahali pa kukifunga ni muhimu kama kihisi chenyewe. Kiwe kwenye mwili wa mota karibu na beringi, kamwe si kwenye kifuniko cha feni, kwa kuwa bati hilo hutetemeka kwa namna yake. Kwangua rangi, sawazisha uso, kaza kwa bolti. Sumaku ni rahisi kutumia lakini humeza masafa ya juu, yale yale yanayobeba habari za mapema. Kisha rekodi hali ya mashine ikiwa nzima, ikibeba mzigo wa kawaida. Bila kumbukumbu hiyo hakuna cha kulinganisha nacho.

Dhana: Betri itadumu miaka 10, imeandikwa kwenye boksi

Inaweza, kwa masharti ambayo boksi halisemi. Betri ya lithiamu ya ukubwa wa AA hubeba takriban miliampea-saa 2,400. Tuseme kifaa kikilala kinatumia mikroampea 10, na kikirusha ujumbe kinatumia miliampea 40 kwa sekunde 1.5, muda wa kawaida wa LoRaWAN (redio ya kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo) kikiwa mbali na antena ya kituo. Kwa ujumbe mmoja kila saa, matumizi ni kama miliampea-saa 234 kwa mwaka, na kwenye karatasi miaka 10 inapatikana. Kila dakika 15, inashuka hadi miaka mitatu na nusu. Kila dakika, ni siku 99 hivi. Katika maeneo ya Ulaya ambako masafa ya megahezi 868 yana kikomo cha kurusha asilimia 1 ya muda, ratiba hiyo ya mwisho inavunja hata kanuni: kikomo ni sekunde 36 kwa saa, nayo inatumia 90.

Dawa yake mara nyingi haiko kwenye betri. Ukiinua antena ya kituo juu ya paa, ujumbe ule ule unaweza kusafiri kwa chini ya sekunde 0.1, na hesabu yote inabadilika.

Betri za lithiamu thionili kloridi zina tabia nyingine ya kujua. Zikikaa ghalani miezi mingi hujenga utando ndani, na kifaa kinapojaribu kurusha mara ya kwanza volti huanguka, kikazima na kuwaka upya, tena na tena. Watu hudhani kifaa ni kibovu. Kapasita (kipande kinachohifadhi chaji) iliyounganishwa sambamba na betri huzuia hali hiyo.

Dhana: Kipimo kilicho kwenye skrini ndicho hali halisi

Ni hali ya pale ncha ya kihisi ilipo, basi. Kihisi cha unyevu wa udongo hakipimi maji moja kwa moja. Hupima jinsi udongo unavyohifadhi chaji ya umeme. Maji yana kipimo cha karibu 80, madini makavu karibu 4, hewa 1. Uwazi mwembamba wa hewa kando ya kihisi unatosha kuusoma udongo kama mkavu, na pampu ya kujiendesha itaendelea kumwaga maji. Shamba likimwagiliwa uwazi ule hujaa maji, na sasa kihisi kinasema udongo umelowa kupita kiasi. Wakati wa kukifunga, changanya udongo wa shimo lile lile na maji mpaka uwe uji mzito, ujaze, kisha ushindilie. Baadaye chukua sampuli jirani, ipime uzito, ikaushe kwa nyuzi 105 kwa saa 24, ipime tena. Tofauti ya uzito ndiyo maji halisi, na kwayo unarekebisha kifaa. Udongo wa mfinyanzi na wa kichanga huhitaji marekebisho tofauti.

Jokofu la chanjo lina kisa chake. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kihisi kikining'inia hewani, kila mlango unapofunguliwa kengele hulia, na wahudumu huzoea kuipuuza. Ncha yake ikizamishwa kwenye kichupa cha glikoli (kimiminika kisichoganda kwa urahisi) hufuata joto la dawa yenyewe. Baridi inahitaji tahadhari zaidi kuliko joto: chanjo zenye chumvi za alumini, kama ya homa ya ini B, huharibika zikiganda. Ndiyo maana vinasa joto vingi vya majokofu haya hupiga kengele baada ya saa 10 juu ya nyuzi 8, lakini baada ya saa 1 tu kwenye nyuzi -0.5.

Dhana: Bila intaneti ya kasi huwezi

Itifaki ya MQTT ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia bomba la mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ilikuwa ghali. Nyuzi 23.47 zinaingia kwenye baiti mbili ukizituma kama namba 2347. Kosa ni kutuma maandishi marefu yenye majina ya vipimo, kisha kushangaa ujumbe unapogoma kwenye mtandao unaoruhusu baiti 51.

Uhai wa mtandao ndio wa kuulizia kabla ya kununua. Marekani, kampuni ya simu ya AT&T ilizima 3G Februari 2022, na kifaa kilichojua 3G peke yake kilinyamaza hata kama betri ilikuwa nzima.

Dhana: Nani atahangaika kudukua kipima joto?

Hakuna anayekuchagua wewe. Programu hukagua anwani zote za intaneti bila kujali ni za nani. Mwaka 2016 kirusi Mirai kilijaribu jozi kama 60 za majina na manenosiri ya kiwandani, kikateka kamera na ruta nyingi, na tarehe 21 Oktoba kikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hadi tovuti kubwa zikashindwa kufunguka. Badilisha nenosiri kabla kifaa hakijaunganishwa. Kiweke kwenye mtandao uliotengwa na kompyuta za ofisi. Funga Telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, isiyo na usimbaji), na kwa MQTT tumia mlango 8883 wenye usimbaji, si 1883 ulio wazi. Muulize muuzaji atatoa masasisho ya usalama kwa miaka mingapi, na jibu liwe kwa maandishi.

Dhana: Wingu (kompyuta za mbali kwenye intaneti) liachiwe kuendesha kila kitu

Kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura na vali ya kupunguza shinikizo lazima vifanye kazi hata intaneti ikikatika, kwa waya na kwa chuma. Wingu lipokee taarifa, litunze kumbukumbu, lipendekeze. Kifaa nacho kihifadhi vipimo vyake mtandao unapopotea, kila kimoja na saa yake, na saa hiyo isahihishwe mara kwa mara: kristali yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Hapo kutafuta ni mashine ipi iliyoanza kuharibika kwanza ni kazi bure.

Kwa kila kengele, andika jina la zamu inayoipokea, dakika za kuitikia, na nani anapigiwa simu ikiwa wa kwanza hapatikani. Weka pia pengo kati ya kuwaka na kuzima. Ikiwaka kwenye nyuzi 8, izime ikishuka hadi 7, la sivyo joto linalochezacheza kwenye mpaka litatuma ujumbe mamia usiku kucha, na mpokeaji ataizima simu yake.