Ampea-saa: nambari ya betri na umeme unaopata kweli

Ukiingia duka la betri Kisumu kununua betri ya mashua ya tanga, swali la kwanza ni, "Unataka ya ngapi?" Unajibu mia, au mia mbili. Mia hizo ni ampea-saa, na ni vizuri uzielewe kabla hujatoa pesa.

Ampea hupima kasi ya umeme unaopita kwenye waya. Izidishe kwa saa, upate ampea-saa. Tazama wavuvi wa omena pale ufuo wa Dunga, Kisumu: taa inayokula ampea 2, ikiwaka kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri saa kumi na mbili, imemaliza ampea-saa 20. Hesabu ni hiyo tu.

Lakini betri ya risasi na asidi iliyoandikwa 100 haikupi 100. Kwa kawaida nambari hiyo hupimwa betri ikitoa ampea 5 polepole kwa saa 20. Ikamue ampea 50 kwa pamoja, na haitafika saa mbili. Tena, na hapa ndipo pesa za watu huzama ziwani, ukizoea kuishusha chini ya nusu, sahani zake za ndani hushikwa na salfeti ngumu na betri hufa mapema. Kwa hiyo ihesabu mia kama hamsini. Ipumzishe saa kadhaa bila mzigo, kisha uipime: volti 12.7 imejaa, karibu 12.2 imefika nusu, iache.

Sasa chukua mashua ya kusafiria na kulala. Friji inayovuta ampea 4, ikinguruma nusu ya siku, ni 48. Ongeza taa ya nanga, redio, pampu ya maji na simu, unakaribia 60 kwa siku. Betri moja ya risasi ya mia haitoshi. Utahitaji mbili, kila moja kilo 30 hivi. Betri moja ya lithiamu ya mia ina kilo 12 hivi na hukupa 80 au zaidi bila kuumia.

Mimi ningechukua lithiamu, ila usiipachike tu mahali pa ile ya zamani. Hunywa chaji kwa pupa hadi altaneta, yaani jenereta ndogo ya injini inayochaji betri, ichemke, na saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ikikata ghafla, diodi za altaneta, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaweza kuungua. Weka chaja maalumu kati ya altaneta na betri, na fyuzi karibu kabisa na betri. Volti zake pia hazishuki hadi karibu iishe, kwa hiyo multimita, kile kifaa cha kupimia volti, haitakuonya. Funga mita inayohesabu ampea-saa zinazoingia na zinazotoka. Asubuhi ikionyesha 60 zimetoka, paneli ya sola ya wati 200 inaweza kuzirudisha kwa siku ya jua kali, mradi kivuli cha tanga kisiiangukie.