Taa ya AdBlue ikiwaka, si lazima pampu iwe imekufa
Kwa wenye magari mapya ya dizeli, Unguja na Pemba, ipo imani iliyozoeleka: taa ya mfumo wa kusafisha moshi ikiwaka, pampu ya AdBlue (maji ya urea yanayonyunyizwa kwenye moshi wa dizeli ili kuusafisha) imekufa. Imani hiyo ina sababu, kwani mashine ya kupima mara nyingi hutaja pampu au hita ya kuyeyusha AdBlue iliyoganda.

Lakini kinachotajwa huwa ni saketi, yaani njia nzima ya umeme: fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya, plagi na kifaa chenyewe. Rilei ikigoma, pampu isiyo na kasoro hukosa umeme ikaonekana mbovu. Hata hita, ambayo huku kwetu haina kazi (AdBlue huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri!), kompyuta ya gari huikagua, saketi yake ikikatika, taa inaweza kuwaka vilevile.

Anza na fyuzi. Kisha zima gari, chomoa rilei, utazame miguu yake. Hewa yetu ya chumvi haikawii kuleta kutu. Kwenye rilei ya kawaida ya volti 12, ukiunganisha umeme kwenye mguu wa 85 na 86, mita ioneshe kuwa 30 na 87 zimeshikana. Mlio wa “tik” peke yake hautoshi: koili, yaani sumaku ya umeme ya rilei, huweza kuvuta ilhali vishikizo vya ndani vimeungua.

Umeme ukifika kamili kwenye plagi ya pampu, waya wa ethi ukawa mzima, na pampu ikaamriwa kuzunguka lakini ikagoma, hapo ndipo uulizie bei ya pampu.