Kwa nini uzio wa kuzuia vumbi huachwa na matundu?

Tororo, mashariki mwa Uganda, imekuwa na kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Malori huleta mawe ya chokaa hata kutoka Moroto, Karamoja. Kiangazi cha Januari kikikolea, anayeishi jirani na yadi ya mawe ya aina hii huanua nguo zikiwa na unga mweupe. Wengi wangeshauri yadi izungushiwe ukuta wa mabati, mrefu, usiopitisha hata hewa.

Lakini ukuta kama huo unaweza kuzidisha vumbi. Upepo ukiugonga, hupanda, huongeza kasi ukingoni, kisha hujikunja na kushuka upande wa pili, ukizunguka palepale penye rundo.

Uzio wenye matundu, yawe ya wavu mzito au bati lililotobolewa, huruhusu sehemu ya upepo kupita. Upepo huo hutoka umekatwakatwa na kupungua nguvu, na huuzuia ule uliopita juu usijikunje kuja chini. Matundu yakichukua takriban nusu ya eneo la uzio, kinga huwa nzuri na huenea mbali, kiasi cha mara 10 ya kimo cha uzio. Kwa hiyo uzio wa mita 6 hutuliza upepo kwa mita 60 hivi, mradi rundo lisiupite kwa urefu.

Kupunguza kasi kidogo kuna faida kubwa, kwa sababu uwezo wa upepo wa kusomba chembe hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikishuka nusu, uwezo huo hubaki karibu moja ya nane. Tena, chembe zinazong'oka kwa urahisi zaidi ni zenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Zilizo ndogo zaidi hushikana na kukaa. Hizo kubwa zikianza kurukaruka ndipo huzigonga ndogo na kuzirusha hewani, na ndogo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Tukizuia mruko wa kwanza, tumeokoa vifua vya watu wengi.

Uzio hauchuji vumbi lililokwisha kupaa, wala haufuti lile linalotimka tipa likimwaga mzigo. Hapo inabidi kumwaga kutoka kimo kifupi na kunyunyiza maji. Mwelekeo nao una uzito wake: karibu na Ziwa Victoria, kama Jinja, mchana upepo hutoka ziwani na usiku hugeuka, hivyo uzio wa upande mmoja tu hautoshi.

Klinka, ile inayosagwa kuwa saruji, hainyunyiziwi maji kwa sababu hugandamana na kuharibika. Kwake mimi ningechagua banda lililoezekwa kwanza, na uzio pale tu banda lisipowezekana.